Alisema usikoboe, nikasikia ukoboe

Kwa miaka minne nilikuwa kijana wa mashine ya kusaga nafaka, Morogoro. Jioni narudi nyumbani mweupe hadi kope, masikio yakilia nziii mpaka usingizi unipitie. Nilidhani kelele ni karaha tu, kama vumbi. Mama mmoja ndiye aliyenitoa ujinga.

Alikuja na ndoo mbili kubwa za mahindi. Kinu cha kukoboa kinanguruma, cha kusaga kinanguruma. Akaniinamia sikioni, akasema neno, nami nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ndiyo lugha ya mashineni, hata kwa jambo ambalo hujalisikia. Aliporudi alikuta mahindi yamevuliwa ganda, meupe pee, na pumba zimejaa kwenye kiroba pembeni. Alikuwa amesema, "Usikoboe." Baba mkwe wake ana kisukari na nyumbani wanampikia ugali wa dona. Mzee mwenye mashine alimrudishia mahindi mengine, akanikata kwenye posho.

Nilinuna siku mbili. Nikiwa nimenuna nikawa naitafuna ile silabi moja iliyopotea: *si*. Hebu tazama Kiswahili chetu kinavyoficha ukanusho ndani ya kitenzi. Nitakuja, sitakuja. Alipe, asilipe. Ukoboe, usikoboe. Kelele ikimeza kile kipande, hakuna pengo linalobaki. Unapata sentensi nzima, safi, yenye maana ya kinyume. Heri ingemeza neno zima, maana hapo ungeshtuka na kuuliza.

Na *s* ni rahisi kumezwa. Ni mluzi mwembamba ambao nguvu yake kubwa iko juu, hezi 4,000 (yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde) na kuendelea. Simu za kawaida kwa miaka mingi zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 hivi, kwa hiyo *s* ilifika imekatwa kichwa hata kama pande zote mbili kuna utulivu. Ubaya mwingine ni kwamba sikio linalochoshwa na makelele huanza kuharibika karibu na hapo hapo, kwenye hezi 4,000. Yule mzee mwenye mashine alikuwa amekaa na vinu tangu ujana wake. Sauti yako aliisikia vizuri, maneno ndiyo hayakumfikia, naye alishikilia kwamba vijana wa siku hizi wanaongea kama wana ugali mdomoni.

Kwa hiyo kama kazi yako ni vinu, useremala, uchomeleaji au spika za harusini, sikiliza hesabu hii. Kipimo kinachotumika sana cha usalama kazini ni desibeli 85 (desibeli ndiyo kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unagawanywa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Kipande cha pamba tulichokuwa tunajichomeka masikioni ni kujifariji tu. Nunua vizibo vya sponji, uvivingirishe, uvisukume ndani, uvishikilie mpaka vifutuke.

Basi si upaze sauti? Nilijaribu. Mwaka 1911 daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila hata kujijua, na ndivyo tulivyokuwa pale: mteja anapaza, mimi napaza, mwenzake naye anapaza ili atushinde. Lakini ukipiga ukelele, irabu ndizo zinazonenepa. "Uuukoboooe!" Ile *s* inabaki kondefu vilevile.

Kilichonisaidia ni kubadili maneno. Niliacha kuwauliza wateja, "Nisikoboe?" nikawa nauliza, "Dona au sembe?" Maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo, kelele ikila nusu, utalijua lililobaki. Na nilikataa jibu la kichwa. Lazima unitamkie, au unyooshee kidole. Baadaye nikachora mstari wa chaki sakafuni: upande huu dona, ule sembe, kila mtu atue mzigo wake panapohusika.

Siku hizi nauza unga kwa simu na tabia ile sijaiacha. Sitini, sabini na tisini zikipita kwenye daladala zote huwa "-ini", kwa hiyo nasema "sita sifuri", halafu namwomba mtu anirudishie. Ujumbe wa sauti wenye honi nyuma siusikilizi mara tatu, naomba uandikwe. Nyumbani, mambo ya ada na kodi hatuyazungumzi televisheni ikiwa inaongea. Mke wangu aliona ni ushamba, ila sasa yeye ndiye anayeizima.

Ila nisiisingizie kelele kila kitu. Ule mngurumo ulikuwa pia habari. Chekeche ikitoboka, mlio ulibadilika kabla hujauona unga, nami nikazima. Na umeme ukikatika, majirani waliokuwa wakitulalamikia mchana kutwa walichungulia mlangoni: "Leo hamsagi?"

Yule mama aliendelea kuja. Alikuwa anatua ndoo zake upande wa dona, ananikazia macho, kisha anatamka kwa midomo tu, bila sauti, taratibu, silabi moja moja: u-si-ko-bo-e.