Chupa ya mtaroni na taa ya nyumbani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaongoza kikundi cha akina mama wa mtaa mmoja wa Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kila Jumamosi, wakati wa salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, tunazibua mitaro na kuwaeleza majirani habari za maendeleo endelevu. Huitikia kwa adabu, lakini Jumatatu chupa za plastiki zimejaa tena. Neno hili lina maana gani hasa, nasi tuliseme vipi lisikike?

JIBU: Mama mpendwa, maana inayotumiwa zaidi ilitolewa mwaka 1987 na tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Bi Gro Harlem Brundtland wa Norwe: ni maendeleo yanayokidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watakaozaliwa kesho uwezo wa kukidhi ya kwao. Mazingira, riziki na maisha ya jamii huangaliwa kwa pamoja. Maana ndiyo hiyo. Ugumu uko katika kuieleza, na nadhani mmeanzia mbali mno na mlango wa jirani.

Mwonyesheni chupa moja. Mvua ikinyesha, chupa iliyotupwa mtaroni husombwa hadi Ziwa Kivu, kisha mkondo huivuta mpaka pale Mto Ruzizi unapotokea ziwani, na kwenye bwawa la umeme takataka hizo huziba njia ya maji, mitambo ikashindwa kuzunguka inavyopaswa na umeme ukapungua majumbani mwetu. Nimesimama ufukweni asubuhi baada ya mvua ya usiku nikaona chupa, ndala na vipande vya godoro vimetanda juu ya maji kama mkeka. Jirani aliyelala gizani ataelewa hilo upesi kuliko neno “endelevu”.

Hata hivyo, maneno peke yake hayatoshi. Amri ya serikali ya Desemba 2017 ilikataza mifuko ya plastiki nchini mwetu, na bado tunaiona sokoni. Anayeambiwa asitupe, naye hana pa kuweka, atatupa. Basi wekeni gunia kila baada ya nyumba chache, na mkubaliane ni nani atalibeba likijaa.

Tena semeni kweli tupu. Msitangaze kwamba mtaa umekuwa safi. Tajeni magunia mliyojaza wiki hii na mtaro ambao hamjaufikia, kwani watu huupita kila siku na wanaujua.

Kwa kuanzia, waendeeni wauzaji wa mafuta ya mawese na wa kasiksi (pombe ya ndizi), ambao huhitaji chupa tupu kila siku na wanaweza kuzinunua kwenu zikiwa zimeoshwa.