Magma inajipangaje matabaka?

Swali: Shikamoo mwalimu. Napanga sampuli kwenye mradi wa uchorongaji wa nikeli mkoani Kagera. Shuleni tulifundishwa kuwa matabaka ni ya miamba ya mashapo. Sampuli zetu zina mistari myeusi na ya kijivu iliyopangana vizuri, lakini mjiolojia wetu anasema mwamba huu ulikuwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Magma si uji mmoja tu? Mistari imetoka wapi?

Jibu: Marahaba. Mjiolojia wenu yuko sahihi, na swali lako limewasumbua wataalamu kwa karibu karne nzima.

Maji huganda yote kwa nyuzijoto moja. Magma haiko hivyo. Ile ya basalti, mwamba mweusi wa volkano, huanza kutoa fuwele ikiwa na nyuzi kama 1,200 na huendelea hadi karibu 1,000, na katika safari hiyo kila madini yana zamu yake. Mara nyingi olivini (madini ya kijani) hutangulia na kromiti kidogo (madini meusi yenye kromiamu), kisha huja piroksini (madini ya rangi nzito) na plajioklesi (madini meupe). Olivini ikitoka huondoka na magnesiamu nyingi, kwa hiyo magma inayobaki si ile ya mwanzo, na madini yatakayofuata hubadilika. Hilo lishike kabla ya mengine yote.

Sasa mistari. Umewaona wachimbaji wadogo wakiosha dhahabu kwenye karai: kizito hubaki chini. Olivini ina takriban gramu 3.3 kwa sentimita moja ya ujazo, kromiti zaidi ya 4.4, na magma yenyewe kama 2.7. Mwaka 1939 wanajiolojia Wager na Deer walipoandika kuhusu mwamba wa Skaergaard, Greenland, walieleza fuwele zikitua chini kama mchanga ziwani. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayatoshi. Plajioklesi ina uzito unaokaribiana sana na wa magma, pengine ingeelea, na bado tunaikuta imelala chini kwa matabaka. Ndiyo maana naafikiana na wanaosema fuwele nyingi hukulia palepale sakafuni.

Kuna fumbo kubwa zaidi. Pale Dwars River, Afrika Kusini, katika mwamba wa Bushveld wenye umri wa miaka bilioni 2 na ushee, kuna tabaka jeusi la kromiti, jeupe la plajioklesi, kisha jeusi tena, mipaka yake mikali kana kwamba imekatwa kwa kisu. Kromiamu katika magma ya basalti haifiki hata sehemu moja kwa elfu. Ili upate tabaka la kromiti la mita moja, unahitaji magma yenye kina cha mamia ya mita, kama si zaidi, na kwa muda huo madini mengine yasijitokeze!

Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni ya magma mpya. Chumba cha magma hakijazwi mara moja. Magma mpya ikiingia na kuchanganyika na ile iliyokwisha kutoa fuwele, mchanganyiko unaweza kuangukia mahali ambapo kromiti peke yake ndiyo inayotoka. Ikija nyingine, mzunguko unarudi. Wengine wanataja mabadiliko ya shinikizo, na mjadala huo bado uko wazi.

Kwa kazi yako, chukua lenzi. Kwenye mashapo punje huwa zimeviringika au zimevunjika, zikashikwa na saruji ya asili. Kwenye sampuli zenu utaona fuwele zimeng'ang'aniana, na nafasi kati yake zimejazwa na madini yaliyochelewa kuganda. Kisha andika kina halisi ambapo kila madini yanaanza na yanapokoma, hata kama mstari ni mwembamba kama kidole. Tabaka la Merensky kule Bushveld, lililogunduliwa mwaka 1924, mara nyingi halifiki mita moja kwa unene, nalo limebeba platinamu kwa zaidi ya kilomita 100. Mstari wa namna hiyo ukiuandika kwa kina cha kukadiria, shimo la jirani halitaoana na lenu.