Programu Inaganda kwa Wateja, Kwangu Inakwenda Vizuri: Nipime Nini?

SWALI: Nimeunda programu ya Android ya kuwasaidia wauza samaki wa Dunga na Kibuye kuweka hesabu ya mauzo na madeni. Kwenye simu yangu haina shida yoyote. Lakini Play Store nimeanza kupewa nyota mbili, wengine moja, na maelezo ni yale yale: "inaganda", "inapoteza nilichoandika". Nitajuaje tatizo liko wapi, na nitumie vifaa gani kulitatua? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Asante kwa swali, dada, na hongera kwa kazi. Kwanza, iondoe simu yako kwenye hesabu. Wengi wetu tunaounda programu tuna simu zenye RAM ya kutosha na Wi-Fi karibu. Mama anayenunua mbuta na omena ufukweni alfajiri huenda ana simu ya RAM ya GB 2, iliyojaa picha, na mtandao unaokuja na kupotea. Ubora wa programu yako ni ule anaouona yeye, kwa hiyo vipimo vitoke kwake.

Fungua Play Console, ukurasa wa Google unaotumia kusimamia programu yako Play Store, uende sehemu ya Android Vitals. Humo utaona asilimia ya watumiaji wa kila siku ambao programu iliwafungikia ghafla, na asilimia ya walioona imekwama bila kuitika, hali ambayo Android huiita ANR (Application Not Responding). Google imeweka mipaka: asilimia 1.09 kwa kufungika, asilimia 0.47 kwa ANR. Ukiwa na watumiaji 1,000 kwa siku, watano tu wakipatwa na ANR umeshavuka, na programu iliyovuka inaweza kupunguziwa nafasi ya kuonekana Play Store. Usiishie kwenye asilimia ya jumla. Ichambue kwa aina ya simu, kwa toleo la Android na kwa RAM. Kila aina ya simu ina mpaka wake wa asilimia 8, na mara nyingi utakuta jumla inapendeza huku aina mbili tatu za simu za bei nafuu zikiteseka. Ikiwa watumiaji wako bado ni wachache, Vitals inaweza kukosa takwimu za kukuonyesha. Weka Firebase Crashlytics, chombo cha Google cha kukusanya ripoti za programu kufungika, ambacho kitakuletea ripoti hata ya mtu mmoja.

Sasa "inaganda". ANR hutokea pale mtumiaji anapogusa skrini na thredi kuu, ile inayochora skrini na kupokea mguso, ikakosa kuitika kwa sekunde 5. Fungua ripoti moja ya ANR usome mistari ya thredi inayoitwa "main". Kwa programu ya hesabu kama yako, ningeanza kwa kushuku hifadhidata: skrini ya kwanza inasoma mauzo yote ya miezi sita kabla haijachora chochote. Simu yako inamaliza kazi hiyo kabla hujapepesa jicho, ile yenye hifadhi ya polepole inahangaika. Kama unatumia Room, maktaba ya Android ya kushughulikia hifadhidata, tafuta kwenye msimbo wako allowMainThreadQueries. Room yenyewe hukataa kusoma hifadhidata kwenye thredi kuu, na wengi huweka mstari huo ili kosa liache kuwasumbua. Uondoe. Kosa litakalojitokeza litakupeleka moja kwa moja kwenye mstari unaowagandisha wateja wako. Kisha washa StrictMode, kikaguzi kilichomo ndani ya Android, kwenye toleo lako la majaribio ikuonyeshe usomaji mwingine wa faili na mtandao unaofanyika mahali pasipofaa. Ni chombo cha tangu Android 2.3, hakihitaji kulipiwa, na naona kinasahaulika mno.

"Inapoteza nilichoandika" ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu haitaonekana kwenye takwimu zozote nilizotaja. Fikiria muuzaji amejaza jina la mteja, kilo na bei, kisha anatoka kwenda kuthibitisha malipo ya M-Pesa. Simu ina RAM ndogo, mfumo unaiua programu yako huko nyuma ili kupata nafasi. Akirudi, Android inaijenga skrini upya, lakini fomu ni tupu. Programu haikufungika mbele yake wala haikuganda; kwa vipimo vya Google, yote ni salama. Kwake yeye deni la mteja limepotea.

Hili unaweza kuliona leo hii mezani. Jaza fomu nusu, bonyeza kitufe cha Home, kisha kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu andika amri adb shell am kill, ambayo huiua programu iliyo nyuma kama mfumo unavyofanya, na jina la kifurushi cha programu yako. Irudie programu kupitia orodha ya zilizotumika karibuni. Fomu ikiwa tupu, umelipata tatizo. Vitu vidogo viweke kwenye SavedStateHandle, sehemu ambayo Android huitunza hata programu ikiuawa. Ila kwa hesabu za watu, mimi ningeandika rasimu kwenye hifadhidata kila sehemu inapojazwa, ili hata betri ikiisha asipoteze kitu.

Kuhusu kasi ya kufunguka: sekunde 5 au zaidi kwa programu iliyokuwa imezimwa kabisa, Vitals huhesabu kuwa imezidi. Ipime kwa Macrobenchmark, maktaba ya Android ya kupima kasi, kwenye simu halisi ya bei nafuu, na kwa toleo lililotayarishwa kama la Play Store, kwani toleo la majaribio huwa zito na litakudanganya. Maktaba ya LeakCanary itakuonyesha kumbukumbu inayovuja, yaani RAM ambayo programu yako inaishikilia bila kuihitaji tena. Emuleta, ile simu ya kuigiza kwenye kompyuta, nayo ina mpangilio wa kuupunguza mtandao hadi kasi ya EDGE, mtandao wa polepole wa 2G. Ujaribu kutuma mauzo hapo.

Rekebisha rasimu kwanza, ANR baadaye, kasi mwisho. Usitoe yote kwa mpigo mmoja, la sivyo hutajua lipi lilisaidia. Kila toleo lianze kwa asilimia 5 ya watumiaji, uangalie takwimu za simu zile dhaifu kwa siku kadhaa, uongeze au usimamishe. Toleo likishawafikia wote, wajibu waliolalamika mmoja mmoja palepale Play Store, ukiwaeleza kilichorekebishwa. Aliyeandika anaweza kubadilisha nyota zake, na anayesoma kabla ya kupakua ataona kwamba unasikiliza.