Kaseini ya kulalia: masuali yenu

Haya jamani, wiki hii masuali yote ya poda za protini, wei na kaseini, nnajibu machache.

Nacheza mpira hapa Chake, kijana mmoja wa jim ananambia wei si kitu, ninunue kaseini. Kweli?

Si kweli yakhe. Zote mbili zatoka kwenye maziwa, protini ya maziwa ya ng'ombe kama asilimia 80 ni kaseini, iliyobaki ndo wei. Hebu kamulia ndimu kwenye kikombe cha maziwa ya moto uone, yanakatika, yale mabonge ndo kaseini na yale maji yanayobaki ndo yenye wei. Sasa na tumboni ndo hivohivo, asidi inaigandisha kaseini halafu inasagika pole pole, masaa 6 hata 7 bado inaingia kwenye damu na wei ishapita zamani. Ukitoka mazoezini wei yafaa, kaseini ya kulalia. Waliojaribu usiku wengi wametumia gramu 30 mpaka 40 kabla ya kulala.

Na daku je?

Hapo ndo pahala pake, inashibisha na inachelewa kwisha. Lakini tusidanganyane, funga yetu ni masaa 13 na kitu, haikufikishi magharibi. Na maji usiyasahau, mtu anakula daku la maana halafu anakunywa kikombe kimoja cha chai, khaa!

Kopo bei yake siiwezi. Mtindi utanifaa?

Tena sana, kaseini ni ileile ishaganda tayari. Ila hesabu: glasi ya robo lita ina protini gramu 8 tu, kwa hiyo kufika 30 ni karibu lita nzima. Ndo mie nikirudi usiku nnakunywa glasi mbili na mayai mawili ya kuchemsha, nnakuwa kwenye 28, na kama mchana nimekula samaki wa kutosha hata hilo kopo silifikirii.

Maziwa yananisokota tumbo.

Kama ni gesi na kuharisha, huenda ni sukari ya maziwa, jaribu mtindi kidogo kidogo. Ukitoka vipele, midomo ikavimba au pumzi zikabana, hiyo aleji, usiguse hata kijiko, nenda kwa daktari.

Poda ya kaseini nimeikoroga imekuwa kama uji wa mtoto, imeharibika?

Haijaharibika, ndo ilivyo, inavuta maji. Ongeza maji, au iache nzito uitie friji uile kwa kijiko. Mie natia hiliki, bila ya hivo hainishuki.