Pesimeka isiyo na waya kwa mzee mwembamba: maswali ya kumuuliza daktari kwanza

Dadangu uliyeuliza kuhusu mamako wa miaka 86, mwembamba, moyo wapiga polepole mpaka anaanguka, na mmeambiwa pesimeka hii isiyo na waya, yaani kijidude kinachopachikwa ndani ya moyo kuusaidia kupiga, haina shida. Nyanyangu aliwekewa India na mimi ndiye niliyeenda kumuuguza, kwa hivyo nakwambia niliyoyaona.

Shida za waya kukatika na kidonda cha kifuani kuingia usaha haina, hapo ni kweli. Lakini ina zake, na nyingi huja siku za mwanzo mwanzo. Micra, aina mojawapo ya hizi zisizo na waya, yenyewe haifiki gramu 2, ila mpira wa kuipitishia kwenye mshipa wa paja una unene wa karibu milimita 9 na mishipa ya wazee ndiyo hiyo mwaijua. Nyanya siku ya kwanza alikuwa sawa kabisa, kesho yake namsaidia kubadili leso naona paja limekuwa zambarau kutoka kinena mpaka karibu na goti, ukishika pagumu, na alikuwa akitumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Nesi alikandamiza kwa mkono muda mrefu, wakampiga altrasaundi kuangalia kama mshipa wavuja, alhamdulillahi ilikuwa damu imekusanyika tu.

Hilo ni dogo. Kubwa ni moyo kutoboka. Utafiti wa Micra wa watu 725 uliotoka 2016, walioumia moyo walikuwa asilimia 1.6, wachache, lakini 2021 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, iliwaandikia madaktari kwamba kutoboka kwenyewe ni kama kwa pesimeka za waya, ila ikitokea kwa hii madhara huwa makubwa zaidi. Na walio hatarini zaidi ni waliopita miaka 85, wembamba, wanawake, wenye mapafu mabovu, yaani mamako hasa! Damu ikijaa kwenye utando wa moyo presha yashuka ghafla, yatolewa kwa sindano na ikishindikana ni kufungua kifua.

Kwa hivyo muulize daktari ataipachika wapi, wengi hupendelea ule ukuta wa katikati ya moyo kuliko nchani mwake ambako nyama ni nyembamba, na kama daktari wa kupasua moyo yuko papo hapo hospitalini si wa kupigiwa simu. Akijibu kwa mkato tafuteni mwengine. Na akiruhusiwa, kama mmeenda kutibiwa nje, msikimbilie kupanda ndege, kaeni karibu kwanza, akilalamika kifua ama pumzi ama kizunguzungu mrudishe usiku huo huo.