Kabla ya Kwenda COBES, Nunua Gambuti

Wadogo zangu mlioingia mwaka wa kwanza pale Eldoret, najua stethoskopu mshanunua. Nunueni na gambuti. Tangu Chuo Kikuu cha Moi kipokee wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, kikiwa cha pili nchini kufundisha fani hiyo baada ya Nairobi, mwanafunzi hupelekwa vijijini kusomea afya ya jamii, hangoji kufuzu kwanza. Huo ndio mpango wa COBES, yaani elimu na huduma katika jamii. Siku hizi tuna shule za uuguzi, meno na afya ya umma, na AMPATH, mpango wa matibabu ulioanza 2001 kwa wagonjwa wa UKIMWI, umeenea mbali na Mosoriot, kituo cha afya cha kijijini kilichokuwa miongoni mwa vya kwanza. Matope hayajabadilika.

Kosa langu nililifanya siku ya kwanza, boma la tatu. Nilikuwa na hojaji, kalamu na haraka. "Mna choo?" Tunacho. Nikatia alama, nikaaga. Jioni tukajumlisha: karibu kila boma lina choo, na huku daftari la zahanati limejaa wagonjwa wa kuhara. Tukakuna vichwa. Mama mmoja, mhudumu wa afya ya jamii aliyetuzungusha kutwa bila kusema mengi, akacheka. "Mmeuliza kama kipo. Hamkuuliza nani anaingia." Kumbe hapo mkaza mwana haingii choo cha baba mkwe, kukutana mlangoni tu ni aibu. Boma zima choo kimoja, wengine wanajisitiri kichakani.

Basi hojaji yenu msiichapishe kabla ya kumsomea mtu kama huyo. Anajua nani kafiwa, nani ana mtoto asiyechanjwa, boma gani lisiingiwe asubuhi. Kwa maoni yangu yeye ni mwalimu sawa na mhadhiri yeyote, ila hatoi maki.

Gawanyikeni pia. Madarasa yamekuwa makubwa, na kundi la watu kumi na wawili likiingia uani kwa mama aliyejifungua juzi, atajibu lolote ili mwondoke. Wawili wanatosha. Mkikaribishwa chai, kaeni mnywe. Mursik nayo, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin, ukiwa hujaizoea, onja kidogo kidogo. Kibuyu cha kwanza kilinishinda.

Na matokeo msiyaishilize kwenye ripoti. Mwombeni chifu nafasi katika baraza. Sisi tulirudi tukaeleza habari ya vyoo kwa kuzungukazunguka, bila kutaja boma la mtu. Watu wakanyamaza kweli kweli, nikadhani tumeharibu. Kisha mzee mmoja akainuka, akauliza choo cha pili kichimbwe umbali gani kutoka kisimani. Hilo nililijua: mita 30, tena upande wa chini wa mteremko. Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.