Kabla Hatujaomba Vikapu vya Plastiki Vipigwe Marufuku

Wasusi wenzangu wa Iringa wamekuwa wakiniuliza kama inafaa tuiombe serikali ipige marufuku vikapu vya plastiki vinavyojaa sokoni. Mimi husuka vikapu vya milulu hapa Ipogolo, na kwa miaka kadhaa nilimtegemea mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam aliyechukua kila nilichomaliza. Alipoacha kupokea simu zangu, nilibaki na vikapu arobaini ndani bila mtu mwingine wa kumpelekea. Ndiyo maana habari za Spitalfields, mtaa wa wafumaji wa hariri mashariki mwa London, zilinigusa: wao walipata hasa kile tunachotaka kukiomba.

Mtaa huo ulistawi baada ya mwaka 1685, Mfalme Louis XIV alipoifuta Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu kwa namna yao, na Waprotestanti wengi wa Ufaransa wakakimbia na ufundi wao. Mitambo ya kufumia iliwekwa orofa za juu, penye madirisha mapana, kwa kuwa nyuzi za hariri zinadai mwanga wa jua (aliyewahi kusuka rangi mbili kwa mwanga wa kibatari atanielewa). Mwanamke mmoja aliyeishi mtaani humo, Anna Maria Garthwaite, hakufuma. Alichora maua ya kufumwa na kuwauzia wafumaji, na mamia ya michoro yake bado yamehifadhiwa London ingawa alifariki mwaka 1763.

Mwaka 1766 Bunge la Uingereza lilizuia hariri ya kigeni, na mwaka 1773, baada ya ghasia ambazo baadhi ya wafumaji walinyongwa kwa ajili yake, sheria nyingine ikawapa mahakimu mamlaka ya kupanga ujira. Sitaibeza sheria hiyo, maana iliwalinda watu kwa miaka hamsini na moja. Kasoro yake ni kwamba ilihusu London na viunga vyake tu, hivyo matajiri waliotaka ujira mdogo walipeleka kazi mikoani, ikiwemo Essex. Sheria ya ujira ilifutwa mwaka 1824, marufuku ikageuzwa ushuru mwaka 1826, na mkataba na Ufaransa wa mwaka 1860 ukauondoa ushuru wenyewe. Mtaa ambao tayari ulikuwa umedhoofika haukuinuka tena.

Kwa hiyo, mkitaka kuomba marufuku, ombeni, lakini msikubaliane bei ya Ipogolo peke yake, kwa sababu mchuuzi atapanda daladala mpaka Kalenga na kununua kwa bei ya chini. Washirikisheni wasusi wa huko kwanza. Pili, hesabuni siku za kukata milulu, kuianika na kuitia rangi, si siku za kusuka tu; mimi nilipofanya hivyo niligundua kuwa nilikuwa nauza kwa hasara. Jambo ninalolisisitiza zaidi ni michoro: kila mpangilio mpya wa rangi nauchora katika daftari lenye miraba, pamoja na idadi ya mizunguko, kwa sababu mteja anayerudi huulizia mchoro fulani, hata kama jina langu amelisahau.

Yule mnunuzi alinipigia tena mwaka huu. Nilimuuzia vikapu sita kwa bei mpya. Vilivyobaki vilikuwa vimeshaahidiwa wengine.